Joto Linakwenda kwa Nani?

Usiku wa Januari, katika nyumba ya kupanga huko Amherst, kaskazini-mashariki mwa Buffalo, upepo wa Ziwa Erie ukigonga dirisha, mwanafunzi anaweza kukaa mbele ya kompyuta ya mezani iliyokwisha kutimiza miaka zaidi ya kumi na kujiuliza swali ambalo kwa sura ni la ufundi tu: je, mashine hii inaweza kwenda kasi zaidi? Na achukuliwe kuwa mfano, si mtu fulani. Wazazi wake walitoka Kivu, wakakaa miaka katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kisha wakapokewa Buffalo. Yeye anasoma uhandisi katika Kampasi ya Kaskazini ya Chuo Kikuu cha Buffalo, ambayo imo ndani ya Amherst. Kompyuta hakuinunua, aliikuta kando ya barabara mwisho wa muhula, imewekwa pamoja na godoro na taa iliyovunjika. Ndani yake mna prosesa ya Intel, Core i5-2500K, iliyoingia sokoni Januari 2011. Pesa za kununua mpya hana. Anayo bisibisi, kichupa cha pesti ya kupitishia joto, feni mpya, na hamu.

Swali lake lina swali jingine ndani yake, nalo si la ufundi. Ni nani mwenye haki ya kuweka kikomo cha kitu, na kikomo hicho kikivukwa, nani hulipa?

Kwanza yafaa kujua kikomo chenyewe ni nini. Kasi ya prosesa huhesabiwa kwa mapigo. Ndani ya kompyuta ya namna hii mna saa inayopiga mara milioni 100 kwa sekunde, na prosesa huzidisha pigo hilo kwa namba iliyowekwa kiwandani. Katika 2500K namba ya msingi ni 33, hivyo hupatikana gigahetsi 3.3, yaani mapigo bilioni 3.3 kila sekunde. Kuikimbiza prosesa kupita kasi yake ya kiwandani ni kuingia katika menyu ya mwanzo ya kompyuta, kabla mfumo haujaamka, na kuibadilisha namba hiyo: 33 iwe 40, au 42, au 44. Mapigo yakizidi sana, transista hushindwa kufungua na kufunga kwa wakati, na hapo fundi huongeza volteji ili umeme uzisukume kwa nguvu zaidi.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi haikutokana na umbile la kitu peke yake. Prosesa nyingi hukatwa kutoka bamba moja la silikoni, lakini hazifanani. Kuna zinazotoka hodari na kuna zinazotoka dhaifu, kama maembe ya mti mmoja. Kiwanda huzipima, huzipanga kwa madaraja, kisha huzipa majina na bei. Alama ya gigahetsi 3.3 ni ahadi: kila kipande chenye jina hili, hata kile dhaifu kabisa, kitafika hapa, katika chumba cha kawaida, kwa feni ya kawaida, kwa muda wote wa dhamana. Ahadi ya namna hiyo lazima iache nafasi. Mwaka 1998 Intel iliuza Celeron 300A kwa kasi ya megahetsi 300. Watu wakagundua kwamba nyingi kati ya hizo, mwendo wa njia ya data ya ubao mama ukipandishwa kutoka megahetsi 66 hadi 100, hufika 450 bila shida kubwa. Uwezo huo ulikuwamo tangu mwanzo. Biashara ndiyo iliyoufunika.

Tena kufuli lenyewe lina bei. Mwaka 2011 Core i5-2500 ilitangazwa kwa dola 205 na 2500K kwa dola 216, zote mbili zikiwa na kasi ya msingi ileile. Sababu kubwa ya watu kulipia herufi K ilikuwa ruhusa ya kuibadilisha ile namba ya kuzidishia. Na miaka ilipopita, kikomo cha pili kikaja kwa njia ya karatasi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11, isipokuwa kwa prosesa chache, hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele. 2500K ni ya kizazi cha pili. Hakuna waya uliokatika ndani yake siku ile. Ilizeeka kwa tangazo. Linux ingali inaipokea, nayo ingali inafanya kazi.

Kwa hiyo anayesema kwamba ni kosa kuvuka alama ya kiwandani, kwa kuwa mtengenezaji ndiye ajuaye, amechanganya mambo mawili: ujuzi wa mtengenezaji na maslahi yake. Mafundi wa jua kali wa Gikomba wamelijua hilo siku nyingi. Pipa la mafuta halikuandikwa popote kwamba litakuwa jiko, wala tairi kwamba itakuwa kandambili, lakini hakuna aliyedhulumiwa pipa lilipokuwa jiko. Kitu kilicho mkononi mwa mwenyewe kinaweza kuulizwa upya kinaweza nini.

Lakini kipo kikomo kingine ambacho hakikuwekwa na karani wa mauzo, nacho ni joto.

Joto la prosesa hukua kwa kufuata kasi, na hukua kwa kufuata volteji iliyozidishwa kwa yenyewe. Hapo ndipo hesabu inapouma. Chukua, kwa mfano wa karatasi, prosesa inayotoa wati 95 kwa gigahetsi 3.3 na volti 1.2. Ipandishwe hadi gigahetsi 4.2 kwa volti 1.25: kasi imeongezeka kwa asilimia 27, na joto limefika karibu wati 131. Sasa ipandishwe hadi 4.4, na kwa kuwa imeanza kuchoka, volteji ifike 1.35: joto linaruka hadi karibu wati 160. Gigahetsi 0.9 za mwanzo zilidai wati 36. Zile 0.2 za mwisho zimedai wati 29. Hatua ya mwisho, ile ya kujisifia, ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote.

Joto hilo sharti liondoke, na hapa neno la Kiswahili humpumbaza msemaji. Mtu hupoza uji, hupoza moyo wa mfiwa, hupoza ugomvi, na katika yote hayo hudhani kwamba moto umekwisha. Katika mashine haukwishi. Joto haliuawi, huhamishwa. Linatoka kwenye silikoni likaingia katika kifuniko cha chuma, likapita kwenye pesti, likapanda mabomba ya shaba, likatawanyika katika mapezi ya alumini, feni ikalisukuma chumbani, na kutoka chumbani likavuja ukutani hadi nje, kwenye theluji ya Amherst. Kazi yote ya mpozaji ni kuhakikisha kwamba joto haliko hapa. Kwamba liko wapi, hilo ni swali ambalo kipimajoto chake hakimwulizi.

Watu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya umeme. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuruhusu kidogo yapenye kwenye ngozi yake na kukauka. Maji yanayokauka ndiyo yanayobeba joto na kwenda nalo. Kwa maneno mengine, mtungi hulipa: maji hupungua. Nyumba za mawe za Lamu, kwa kuta zake nene za matumbawe, hulipokea joto la mchana na kuliachia polepole usiku. Katika ufundi huo wa kale gharama ilikuwa mbele ya macho. Mwenye mtungi aliona maji yamepungua. Mwenye nyumba aliyelala ndani ndiye aliyehisi ukuta ukirudisha joto.

Buffalo, kwa upande wake, ina sehemu katika historia ya kuificha gharama hiyo. Willis Carrier alizaliwa mwaka 1876 huko Angola, kijiji cha New York karibu na Ziwa Erie, akaajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge mwaka 1901, na mwaka uliofuata akasanifu mtambo ambao huhesabiwa kuwa kiyoyozi cha kwanza cha kisasa. Aliyeomba msaada alikuwa mchapishaji wa Brooklyn. Unyevunyevu wa kiangazi ulikuwa ukiitanua na kuisinyaza karatasi, hata rangi moja ikawa hailali juu ya nyingine. Mtambo wa Carrier ulitengenezwa ili karatasi itulie. Wachapaji waliokuwa wakitoka jasho katika ukumbi uleule hawakuwa tatizo lililoletwa mezani. Kama walipata nafuu, waliipata kwa sababu walisimama karibu na karatasi.

Tangu hapo jambo hilo limejirudia mahali pengi. Katika miji ya joto, Dar es Salaam au Mombasa au Maskati, chumba cha seva huwa na kiyoyozi kisichozimwa usiku wala mchana, na mlinzi wa jengo hilo huketi nje kwenye kiti cha plastiki, mara nyingine upande uleule ambao mashine ya nje ya kiyoyozi hupulizia hewa ya moto. Hakuna aliyekusudia kumtesa. Joto lilihitaji kutoka, na mlinzi alikuwa nje.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo hudhaniwa kuwa inasema juu ya ukatili, lakini inasema juu ya macho. Mtazamaji hana nia mbaya. Usufi ndio aonao. Uzito haupiti machoni, hupita mabegani. Ndivyo lilivyo joto: halionekani katika namba ya kasi. Kioo cha kompyuta huandika 4.4 kwa herufi safi, wala hakiandiki kwamba chumba kimepanda nyuzi mbili.

Na arudi sasa mwanafunzi wa Amherst mbele ya mashine yake. Wakati wa baridi joto lake si hasara. Huko ambako dhoruba ya theluji ya Desemba 2022 iliua watu zaidi ya 40 katika eneo la Buffalo, wengine wakiwa ndani ya nyumba zilizokatikiwa joto na wengine ndani ya magari, hakuna anayeibeza wati iliyopotea chumbani. Lakini Julai itakuja. Chumba hicho hulala pia mdogo wake, na feni ya mashine huvuma usiku kucha. Bili ya umeme huja kwa jina la mama. Basi mama akiuliza asubuhi, "Mwanangu, hiyo mashine yako inalia nini usiku wote?" swali hilo ni la kimaadili kuliko anavyodhani. Anauliza joto linakwenda kwa nani.

Hapo ndipo kinapopatikana kipimo cha haki ambacho alama ya kiwandani haikuweza kukitoa. Kuongeza nguvu kupita kiwango kilichoandikwa si dhambi, wala kutokuongeza si utakatifu. Ongezeko ni la haki pale anayeamua kuongeza ni yeye anayebeba joto lake, au pale wanaolibeba wamejua na wamekubali. Linakuwa dhuluma pale kasi inapohesabiwa upande huu na joto likalala upande ule.

Kipimo hiki kinapata uzito wake kinapoondoka kwenye mashine. Baba wa mwanafunzi huyo, kama wengi waliofika Buffalo, Columbus na Louisville kutoka mashariki ya Kongo, Burundi na Somalia, hufanya kazi ghalani usiku. Louisville ina kituo kikubwa cha kupanga vifurushi kwenye uwanja wa ndege, ambacho kazi yake kubwa huanza watu wengine wakilala. Katika maghala ya namna hiyo kila mkono una kiwango chake cha saa, na kiwango hupanda kama namba ya kuzidishia: kutoka 33 hadi 40, kutoka 40 hadi 44. Kasi huandikwa ofisini. Joto huenda nyumbani na baba. Hukaa mgongoni, magotini, katika usingizi wa mchana unaokatwa na sauti za watoto, katika hasira isiyo na sababu kwenye meza ya chakula.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoueleza ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii ya kale hakuna aliyekula bila kufanya kazi. Marekani nayo ilikuwa na hesabu yake ya siku: kwa miaka mingi mpango wa kupokea wakimbizi uliwahudumia katika siku 90 za mwanzo hivi, kisha walitarajiwa wajitegemee. Kumpa mgeni jembe si dhuluma. Ni kumkubali miongoni mwa wenyeji. Lakini methali haikusema mgeni alime mara mbili ya mwenyeji, wala haikusema kwamba akiumia jembe atapewa mgeni mwingine. Ilidhani kwamba aliyetoa jembe naye yuko shambani, juani, na anaona jasho.

Mtu anaweza kupinga kwamba mfano huu unavuka mpaka wake, kwa kuwa prosesa haina uchungu na binadamu anao. Pingamizi hilo ni la haki, na linafanya hali iwe mbaya zaidi, si nafuu. Kwa maana prosesa, ambayo haina uchungu, imewekewa ulinzi ambao mfanyakazi mara nyingi hana. Ndani ya 2500K mna vipimajoto. Ikikaribia nyuzi joto 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe, bila kuomba ruhusa na bila kufukuzwa kazi. Ikizidi hapo hujizima. Mwenye kuikimbiza huiwekea programu ya majaribio ikokotoe kwa saa nyingi, na likitokea kosa moja tu katika hesabu, hurudi nyuma. Hakuna fundi mwenye akili anayeiona prosesa imekosea na kusema ni mvivu.

Ghalani kipimajoto cha namna hiyo hakikuzaliwa na mtu. Sharti kiandikwe na sheria. Sheria ya jimbo la New York ya kuwalinda wafanyakazi wa maghala, iliyoanza kutumika Juni 2023, inawataka waajiri wakubwa wamweleze mfanyakazi kwa maandishi kiwango anachotakiwa kukifikia, na inakataza kiwango kinachomnyima nafasi ya kula, kupumzika au kwenda msalani. Kwamba ilihitajika sheria kusema hayo ni ushahidi wa kutosha. Kanusho la kale la Kant, kwamba mtu asitumiwe kamwe kuwa chombo tu, lilidhani kwamba vyombo hutendewa vibaya kuliko watu. Katika usiku wa kazi, yafaa kwanza kudai kwamba mtu atendewe vizuri walau kama chombo kinachopendwa na mwenyewe.

Lakini liko pingamizi la pili, gumu zaidi, na wasomaji walio mbali na kwao watalitambua. Mara nyingi si mwajiri anayepandisha namba. Ni mtu mwenyewe. Hufanya kazi mbili kwa hiari, hulala saa nne, na kila mwisho wa mwezi hutuma pesa Bukavu, Uvira, Tanga au Mombasa. Ameamua mwenyewe na joto analibeba mwenyewe. Kwa kipimo kilichotolewa hapo juu, basi, hakuna dhuluma. Je, kipimo kimeshindwa?

Hakikushindwa, ila sharti kisomwe mpaka mwisho. Kwanza, joto halikai ndani ya aliyeliwasha. Mtoto anayemwona baba yake Jumapili tu, akiwa amelala, analibeba. Mke anayeendesha nyumba peke yake analibeba. Hakuna aliyewauliza. Pili, na hili ndilo linalonyamaziwa, aliye nyumbani Afrika huiona kasi tu. Pesa zimefika, karo imelipwa, bati limeezekwa. Simu ikipigwa, sauti ya huko ng'ambo husema, "Tuko salama, Mungu ni mwema." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye kitanda hiki amekitandika shuka nyeupe. Kwa hiyo ombi linalofuata huwa kubwa kuliko lililotangulia. Anayeomba hana choyo. Ameonyeshwa mashine inayokwenda gigahetsi 4.4 bila kuonyeshwa kipimajoto, naye kwa haki kabisa anauliza kwa nini isiende 4.6.

Hapa lawama haimwangukii mwombaji peke yake. Kuficha joto huonekana kuwa ungwana; mtu wa heshima halalamiki mbele ya wazazi. Lakini anayeuficha uzito anamnyima mwenzake nafasi ya kuwa mwadilifu. Ndugu hawezi kuuhurumia mgongo asioujua. Kusema, "Mama, mwezi huu nimechoka, nitatuma nusu," si kukosa utu. Ni kumrudishia mama utu wake, kwa kuwa kumchukulia mama kuwa mpokeaji tu, asiyeweza kuvumilia ukweli wa mwanawe, nako ni kumfanya chombo.

Tatu, mwili una madhara yasiyopiga kengele. Katika waya nyembamba za prosesa, mkondo mkali wa umeme pamoja na joto husukuma atomi za chuma kutoka mahali pake, kidogo kidogo, miezi na miaka, mpaka siku moja njia inakatika. Volteji kubwa huharakisha mwendo huo. Mashine iliyosimama imara mwaka mzima kwa 4.6 huanza kukosea bila mtu kugusa kitu, na fundi huona ajabu. Si ajabu; ililipa tangu siku ya kwanza, kwa sarafu ndogo. Vivyo hivyo hutokea kwa anayeendesha gari alfajiri kutoka zamu yake ya pili: hajalala usukani usiku mmoja, wala miwili, wala mia.

Mtu wa Kivu ana sababu moja zaidi ya kuuliza swali hili juu ya mashine. Bati limo katika lahamu inayoshikilia vipande vya ubao mama. Tantali, itokayo katika koltani, imo katika kapasita ndogo za vifaa vingi vya umeme, na sehemu ya madini hayo huchimbwa katika milima ambayo wazazi wake waliikimbia. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliyataka makampuni yaseme kama bati, tantali, wolframu na dhahabu wanayoitumia yanatoka Kongo au nchi zinazoizunguka, na Januari 2014 Intel ilitangaza kwamba inatengeneza prosesa zisizotumia madini ya vita. 2500K ni ya kabla ya hapo, na hakuna anayeweza kuutazama ubao wake na kusoma jina la mgodi. Linalowezekana ni kukitumia mpaka mwisho kile kilichokwisha kuchimbwa. Mashine ya zamani inayodumu miaka mitano zaidi ni mashine mpya moja isiyohitajika bado.

Hata hoja hiyo, hata hivyo, isipewe ushindi wa bure. Prosesa ya zamani hula umeme mwingi kuliko ya leo kwa kazi ileile, na ikikimbizwa hula zaidi. Kuna saa ambapo kuitunza mashine kuukuu huwa ni kuhamisha gharama kutoka mgodini kwenda kwenye mtambo wa umeme. Anayetaka dhamiri yake iwe baridi kabisa hataipata, si kwa kununua wala kwa kutonunua. Anachoweza ni kujua joto lake liko wapi, na kulipunguza pale linapomwangukia asiyelichagua.

Ipo njia katika ufundi huu ambayo haina sifa nyingi kwa kuwa haizai namba za kujivunia. Fundi huanza kuishusha volteji badala ya kuipandisha. Kwa kuwa kiwanda kilimwekea kila kipande volteji ya kumtosha yule dhaifu, kipande hodari mara nyingi huweza kwenda kasi ileile kwa volteji ndogo, na joto hupungua haraka kwa sababu ileile iliyolifanya lipande haraka. Kisha hupandisha kasi hatua kwa hatua, akipima, na kusimama pale ambapo hatua inayofuata ingedai zaidi ya inavyotoa. Kiasi, kwa maana hii, si woga wala katikati ya mambo mawili iliyokisiwa kwa macho. Ni mahali panapotafutwa kwa kipimo, na hutofautiana kipande kwa kipande, kama wanavyotofautiana watu.

Kwa hiyo kijana wa Amherst, kama amejifunza hesabu yake, atafika 4.4 usiku mmoja ili aone kwamba inawezekana, ataitazama namba, kisha atarudi 4.2 kwa volti 1.25. Ataacha programu ya majaribio ikokotoe mpaka asubuhi. Feni itavuma kwa sauti ya chini, mdogo wake akilala. Alfajiri baba atafungua mlango, viatu vyake vikiwa na theluji, na ataketi kitini kabla ya kuvivua. Kabla ya kwenda kutazama kama mashine imekosea, kijana atamwuliza baba yake usiku wa leo walimwekea kiwango gani, naye baba, kwa mara ya kwanza pengine, atalijibu swali hilo kwa namba ya kweli.